Nyumba ya Mama Safari: nilivyoichoma kwenye kompyuta ili isichomwe kwa kiberiti

Wakuu, habari za mapumziko. Mlio makazini poleni, mlio mashambani hongereni kwa mavuno.

Kwenye jukwaa hili mimi ni mtu wa kupita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeona na mimi nikae niandike. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Hanang. Majina nimebadilisha, lakini chumvi sijatia. Aliyekuwepo Masakta siku ile aje anikosoe mbele yenu.

Twende taratibu.

Mimi ni binti wa Katesh. Baba yangu anauza vitambaa, na pembeni ya duka lake nina chumba kidogo cha steshenari. Natoa kopi, napiga picha za passport, naweka nyimbo kwenye flash. Hiyo ndiyo kazi inayonipa ugali.

Kazi ninayoipenda ni nyingine. Nafanya visual effects, zile picha za kwenye filamu ambazo hazikutokea kweli. Nilijifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni, kwa bando la kuungaunga na kompyuta ambayo ikipata moto inalia kama pikipiki inayopanda mlima.

Kwa ambao hawajui, compositing ni hivi. Unapiga nyumba leo. Unapiga moto siku nyingine, sehemu nyingine kabisa. Halafu unavipanga kimoja juu ya kingine kwenye kompyuta mpaka jicho la mtu likubali kwamba vilikuwa mahali pamoja. Kila kipande tunakiita layer. Chukua mitandio miepesi kadhaa, itandaze mmoja juu ya mwingine, ua la chini bado unaliona. Ni hivyo tu. Mateso yanaanza pale mitandio inapokataa kukaa.

Sasa basi.

Hapa mjini tuna kikundi chetu cha filamu. Director wetu tumwite Mudi, kijana wa dukani kama mimi, ana kipaji kweli kweli, na ana haraka kuliko kipaji. Mwaka huu aliandika hadithi ya familia mbili zinazogombea shamba, na katikati ya hadithi nyumba inachomwa moto. Hiyo scene ndiyo moyo wa filamu. Ikifeli, filamu yote imefeli.

Nyumba tuliipata Masakta. Nyumba ya nyasi, kuta za udongo, imekaa peke yake kwenye mwinuko, nyuma yake Mlima Hanang wote. Director akiona kitu kama kile anasahau hata kula.

Mwenye nyumba ni Mama Safari. Bibi wa Kiiraqw, mjane, mfupi, anatembea na fimbo ambayo haiegemei, anaitumia kuonyeshea watu makosa yao. Mwanaye wa kwanza, Safari, ambaye naye ni mtu mzima, amejenga nyumba ya bati hatua chache kutoka pale. Amemwomba mama yake ahamie, ameomba mpaka amechoka. Mama hataki. Anasema bati lina baridi, na wanaojua baridi ya Hanang mwezi wa sita watamwelewa.

Siku tuliyokwenda kupiga picha, yule bibi alisimama mlangoni.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa moto?"

Nikasema ndiyo, ni mimi, lakini moto wenyewe utakuwa kwenye kompyuta. Hapa hapawashwi hata njiti.

"Nyumba yangu haiungui?"

"Haiungui bibi."

"Lete mkono."

Nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye nguvu kuliko nilivyotarajia. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba humo ndani amezaa watoto wote, na wawili amewafumba macho humo humo. Nguzo alikata marehemu mumewe. Halafu akaniachia, akatupisha tupige picha.

Wakuu, mimi nimelelewa kwamba ahadi ni deni. Mkono ule niliubeba mpaka Katesh.

Nikaingia kazini. Nikapakua moto wa mtandaoni, ule wa bure. Moto mzuri, mwekundu, unapaa juu na moshi mweusi tii. Nikauweka juu ya paa la Mama Safari, nikapunguza rangi kidogo, nikajisifu, nikarender, yaani kompyuta ikaunganisha vyote kuwa video moja.

Mudi naye kwa haraka zake akasema tukaijaribu kwa watu. Akapeleka trailer kwenye banda la kuonyeshea mpira Mogitu, ikawekwa kabla ya mechi.

Mmewahi kuchekwa na banda zima?

Moto ulipotokea, mama mmoja aliyekuwa anauza karanga mlangoni akauliza kwa sauti, "Hiyo nyumba ya nyasi imepakwa lami? Mbona inatoa moshi wa tairi?"

Banda likalipuka. Mwingine akadakia, "Huo moto umekaa juu kama kofia, haujaingia ndani!" Wakacheka mpaka mechi ikaanza, na hata goli la kwanza lilipofungwa kuna mtu alipiga kelele "moto wa kofia!" na watu wakaanza upya.

Nilirudi Katesh nimejifunika mtandio mpaka machoni.

Ila ngoja niwaambie ukweli, walikuwa sahihi. Hapa kwetu hakuna mtu mzima ambaye hajaona nyasi zikiungua. Unaweza kumdanganya mtu wa huku kwa ndege ya angani au kwa ghorofa linaloanguka, hivyo hajaviona kwa karibu. Moto wa nyasi anaujua kama anavyojua mboga ya kwao. Mimi nilichukua moto wa petroli wa nchi za watu nikauleta Masakta. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Kesho yake Mudi akaniita. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Zuu, dada yangu, umejitahidi. Ila nimeongea na mzee Safari. Tutaichoma ile nyumba kweli."

Nilidhani sijasikia.

"Nyumba yenyewe mbovu," akaendelea. "Inavuja, nyasi zimeoza. Safari mwenyewe anaogopa itamwangukia mama yake. Sisi tunapata scene, wao wanaondokana na hatari, na kikundi kitasaidia kumalizia ile nyumba ya bati. Kila mtu anafurahi."

"Mama Safari amesema nini?"

Akakuna kichwa. "Mama amenyamaza."

Nilimpigia Safari. Hakuwa mtu mbaya, wakuu, naomba hilo mlishike. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Aliniambia, "Binti yangu, masika iliyopita niliamka usiku kwa mvua, nikamkuta mama amekaa kwenye kona moja na sufuria imekinga maji kitandani. Wewe ungefanyaje?"

Paa lilikuwa linavuja kweli.

Lakini mkono nilikuwa nimeutoa mimi, hakuutoa Mudi wala Safari. Nikamwambia Mudi anipe mpaka Jumamosi. Nikileta moto ambao mtu wa Mogitu ataukubali, nyumba inabaki. Nisipoleta, ashike kiberiti chake, na mimi nitatoka kwenye kikundi.

Akanitazama akaona sitanii. Akakubali.

Nilianza vibaya. Nilipakua moto mwingine, na mwingine, na mwingine. Moto wa kuni, wa msituni, wa jiko la gesi. Kila nilioweka ulionekana mgeni, kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. Umeme nao ukawa unakatika kila nikikaribia kumaliza. Jumatano alfajiri nikaacha steshenari imefungwa, nikapanda boda kwenda Masakta, kamera begani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kuitazama nyumba yenyewe.

Nikafika mapema, jua ndiyo linachungulia, baridi inakata masikio. Nikakaa kwenye jiwe mbali kidogo, sikutaka kumsumbua bibi.

Mama Safari alikuwa anawasha jiko lake la mafiga ndani, achemshe chai.

Na moshi ukaanza kutoka.

Wakuu, nilikuwa nimeuona moshi wa namna ile maisha yangu yote na sijawahi kuuangalia. Haukutoka mahali pamoja. Ulipenya paa lote kwa pamoja, mweupe wenye unjano kidogo, kila unyasi unatoa uzi wake, mpaka nyumba nzima ikawa inafuka kama sufuria ya viazi. Ulitambaa kwanza chini juu ya nyasi, ukakusanyika kileleni, kisha upepo wa mlimani ukaulaza upande wa bonde.

Nikasimama pale pale nikapiga kelele peke yangu.

Nyumba ya nyasi ikishika moto kwa ndani ndivyo inavyoanza! Inafuka kwanza, kote, kimya kimya. Miale inakuja baadaye. Kumbe mwanzo wa moto wangu ulikuwa unatokea pale kila asubuhi, bure, na hakuna kinachoungua isipokuwa kuni.

Mama Safari akatoka na fimbo yake kuona nani anapiga kelele.

"Shikamoo bibi. Naomba nipige picha moshi wako."

"Moshi wangu umefanya nini?"

Nikamweleza. Sina hakika kama alielewa habari za layer, lakini alielewa kwamba Jumamosi inakuja, na kwamba mimi bado nipo upande wake. Akarudi ndani, akaongeza kuni mbichi. Moshi ukawa mzito mara mbili. Nikamsikia anakohoa na kucheka humo ndani.

Nilipiga asubuhi nzima, kamera imesimama pale pale ilipokuwa siku ya kwanza. Kisha nikamwomba jambo la pili, na hili niliogopa kulisema. Nilihitaji nyasi zake kidogo za kuchoma. Nyasi mpya huungua vingine, na nyasi za zamani zenye masizi huungua vingine.

Akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha ndama kilichokwisha kuanguka. Akanielekezea kwa fimbo.

"Beba hizi. Ndizo pekee utakazochoma kwangu."

Nikazifunga kwenye boda, dereva analalamika njia nzima kwamba anapakia nyumba.

Kupiga moto ili uutumie kwenye compositing, unahitaji giza nyuma yake. Ukiwa na moto mbele ya kitu cheusi, kuna njia kwenye kompyuta inaitwa screen, yenyewe inafuta weusi wote na kubakiza mwanga. Kwa hiyo nilihitaji kitambaa cheusi kikubwa sana. Na kitambaa kikubwa cheusi ninachokijua mimi ni majora ya baibui ya baba yangu.

"Baba, naomba jora moja jeusi. Nitalirudisha."

"La nini?"

"La kupigia picha moto."

Baba aliweka miwani chini. "Jora langu likinuka moshi, utalivaa wewe."

Nikasema nitalivaa.

Alhamisi jioni, giza linaanza kuingia, nikawa Nangwa kwenye tanuru la matofali la jamaa tunaofahamiana. Pale kuna nafasi, maji yapo, na watu wamezoea moto. Mafundi wakanisaidia kusimamisha miti, tukafunga nyasi za kibanda cha ndama mithili ya kipande cha paa, jora jeusi nyuma mbali kidogo, ndoo za maji kila upande. Nikawasha kwa chini, kwa ndani, jinsi paa linavyoshika kweli.

Lilifuka kwanza. Vile vile kama nilivyoona Masakta. Kisha katikati pakawa pekundu, pakatoboka, na ulimi wa moto ukachomoza kupitia tundu. Sauti yake ilinitisha. Fundi mmoja akasema "Eee mama" na kurudi nyuma. Mimi nilibaki na kamera mpaka nikanusa nywele zangu za mbele zinaungua.

Nilipata nilichotaka. Jora pia lilipata, lilinuka moshi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa sikufungua duka. Chini kabisa nikaweka nyumba. Juu yake moshi wa Mama Safari, nikaanza nao kidogo kama wa asubuhi ya kawaida, kisha nikaurudia juu yake tena na tena mpaka ukawa mzito wa kutisha. Kisha miale ya Nangwa, lakini safari hii sikulivalisha paa kofia. Nilikata matundu kwenye picha ya paa, nikapitisha moto kutokea ndani, moshi mwingine nikauweka mbele ya moto na mwingine nyuma yake.

Kilichonitesa ni upepo. Siku ya Nangwa upepo ulivuma kwenda kushoto, na kwenye picha ya nyumba miti yote imelalia kulia. Ukiacha hivyo, jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini anakataa. Nikaugeuza moto wote.

Halafu mwanga. Moto bila mwanga ni picha iliyobandikwa. Nikatia wekundu unaocheza kwenye ukuta, chini ya mlango, kwenye jiwe nililokalia Jumatano. Hata kuku aliyepita kwenye picha nilimpaka mwanga mgongoni. Nilimfuata yule kuku hatua kwa hatua mpaka akatoka kwenye fremu, na nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe.

Umeme ulikatika mchana. Nikasubiri. Ukarudi, nikaanza upya nilipoishia. Ukakatika tena. Baba akaja akasimama mlangoni, akaenda kwa jirani mwenye jenereta na kurudi na waya. Nilitaka kulia lakini muda haukuwepo.

Alasiri Mudi akaja. Nikambonyezea.

Aliangalia mpaka mwisho. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasogea karibu na kioo akaweka kidole kwenye paa.

"Hii si ya mtandaoni."

"Hapana."

"Zuu, nyumba imeungua." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Kiberiti cha nini tena."

Nilidhani mambo yamekwisha. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala kama gogo.

Kumbe Mudi, na haraka zake zile zile, alikuwa amejirushia kipande kile kwenye simu. Akakiweka status. Bila neno hata moja. Hakuandika filamu, hakuandika jina. Nyumba inaungua, basi.

Wakuu, mnajua Masakta watu wanavyoifahamu nyumba ile. Iko peke yake kwenye mwinuko.

Jumamosi asubuhi simu yangu ikaita. Safari. Anapumua kwa nguvu.

"Binti, njoo. Njoo sasa hivi. Watu wamejaa kwa mama."

Nilipanda boda bila kunawa uso. Njiani tulipita watu wanakwenda upande mmoja na sisi. Wanaume na miti mabegani. Wanawake na matita ya nyasi kichwani. Mkokoteni wa punda umebeba nyasi na fito mpaka punda haonekani. Mama mmoja na debe la mahindi, mwingine na sufuria na blanketi jipya.

Kwa wale wasio wa huku, ngoja niwaeleze. Kwetu ukisikia nyumba ya mtu imeungua, huulizi. Unabeba. Maswali utauliza ukishatua mzigo. Mtu hawezi kufika kwa aliyeunguliwa akiwa na mikono mitupu, hata kama ni fito moja.

Nilipofika, nyumba imesimama. Mama Safari amekaa mlangoni kwenye kigoda. Na uani watu wametua mizigo yao, wanaitazama nyumba, wanatazamana. Wametoka Mogitu, wametoka Nangwa, kuna ndugu zake waliotoka Mbulu alfajiri. Hakuna aliyecheka. Mtu akilia njiani kwa ajili yako halafu akakuta hakuna kilichotokea, kinachofuata si kicheko.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amesimama katikati, mzee mwenye koti refu, amejaa hasira.

"Nani ameita watu hawa kwa moto wa uongo?"

Mudi alikuwa ameshafika kabla yangu, amejificha nyuma ya pikipiki yake. Nilimtolea macho. Halafu nikasogea mbele, maana moto ulikuwa wangu.

"Shikamoo mzee. Moto nimeutengeneza mimi. Ni wa filamu."

"Unajua ulichofanya? Mtu amebeba kitu cha nyumba iliyoungua. Unataka arudi nacho kwake? Anayerudi nacho anarudi na moto!"

Watu wakaitikia kwa chini. Wazee wa kitongoji kile ndivyo wanavyoshika, kilichobebwa kwa ajili ya moto hakirudi nyumbani kilikotoka. Na mimi nimewabebesha watu wa vijiji vitatu. Nilijiona nimeiokoa nyumba kutoka kwenye kiberiti nikaiingiza kwenye laana.

Mama Safari akagonga fimbo chini.

"Nipeni hiyo simu."

Mjukuu wake akampa. Akaangalia nyumba yake inafuka, paa linatoboka, moto unachomoza, mlango unawaka. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe nyuma, ukashika ukuta. Akaangalia mpaka mwisho. Akaangalia tena, na mara ya pili machozi yalimtoka, na mimi yangu yakaanza.

Kisha akainua kichwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama Safari.

"Umeiona?"

"Nimeiona mama."

"Imeungua?"

Safari akalitazama paa.

"Imeungua mama," akasema.

"Basi. Nyumba ya mtu haiungui mara mbili." Akageukia watu, akanyoosha fimbo kwenye yale matita ya nyasi. "Na hao wamekuja kujenga. Mnasubiri nini? Paa langu linavuja."

Mwenyekiti akavua koti.

Wakuu, sijawahi kuona kazi inakwenda vile. Wanaume walipanda, nyasi zilizooza zikashushwa, fito mbovu zikatolewa. Safari alikuwa wa kwanza juu, anashika nguzo alizokata baba yake na kuzipiga kofi kuona kama bado zina nguvu. Zilikuwa nzima. Nilimsikia akisema peke yake, "Kumbe nzima." Mudi tulimpa kazi ya kuchota maji ya udongo, na kila akipita mtu anamuuliza kama status ameshafuta. Mahindi ya lile debe yakawa makande ya watu wote.

Jua linaelekea kuzama, paa likawa limekamilika, la dhahabu, nene, nadhifu. Mama Safari akaingia ndani akawasha jiko lake.

Moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi mpya. Kila unyasi na uzi wake.

Na mama mmoja aliyekuwa anaosha masufuria akanyakua ndoo ya maji akakimbilia mlangoni.

Hapo ndipo tulicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini. Mama Safari alitoa kichwa nje kuuliza kuna nini, tukashindwa kumjibu.

Filamu tumemaliza. Mogitu tuliirudisha kwenye banda lile lile. Mara hii moto ulipotokea yule mama wa karanga alisimama, akashika mdomo, na hakuuza karanga mpaka scene ikaisha. Jora la baba nimelishona baibui, ndilo ninalovaa. Bado linanuka kidogo siku za mvua.

Nilichojifunza ni hiki. Usichukue moto wa watu ukauleta kwenu. Nenda kakae kwenye jiwe, angalia kitu chako kinavyofanya kila siku. Na kama umempa mtu mkono, kaa kwenye kiti mpaka kazi iishe, umeme ukatike usikatike. Vicheko vya Mogitu vilinisaidia kuliko sifa zote nilizowahi kupata.

Sasa nyie wa kazi hizi, moshi mnaupata wapi? Na nyie mliokulia kwenye nyumba za nyasi, niambieni kama mwenyekiti alikuwa sahihi kuhusu kurudi na mzigo, au kwenu wanasema vingine. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshakomaa.

Kwenye kompyuta yangu ile nyumba imeungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukipita Masakta asubuhi utaiona kwenye mwinuko wake, inafuka. Usishtuke. Ni chai.